Mbuzi Alikuwa Bado Hajalia

Tap. Halafu kimya.

Si kile kimya cha wimbo uliokwisha. Wimbo ukiisha wenyewe kuna kitu kinabaki hewani kidogo, kama harufu ya ubani baada ya chetezo kuondolewa. Hiki kilikuwa kimya cha wimbo uliokatwa, kikavu, cha ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Mie kimya hicho nakijua tangu nina miaka kumi, na nitawaambia mapema kabla hamjanihurumia bure: wa kwanza kukitengeneza nilikuwa mie mwenyewe.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa mwanangu, huku Mbagala tunakoishi. Turubai limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili zimesimama kama makabati. Barua waliyotuletea nyumbani ilisema kila mtoto wa darasa la pili achague wimbo anaoupenda, aulete kwenye simu au flashi, wenzake wausikilize kwa dakika tatu. Mwanangu Tausi alihangaika na uchaguzi huo wiki nzima kama anachagua mume. Mwisho akachagua ngoma ya kusini, iliyorekodiwa zamani kwenye kanda. Haina maneno mpaka karibu na mwisho, ambapo mbuzi mmoja analia. Tausi anampenda huyo mbuzi kupita kiasi. Kila tukiusikiliza nyumbani ananishika mkono kabla, ananong'ona, "Mama, anakuja. Anakuja sasa hivi."

Basi siku hiyo akasimama mbele, soksi zimepandishwa mpaka magotini, mikono nyuma. Ngoma zikaanza. Haikufika hata dakika moja na nusu, mwalimu wake akabonyeza kompyuta. Tap.

"Jamani, jamani!" akasema kwenye maiki, anacheka. "Hizi ngoma za porini si tulishaziacha huko huko? Ngoja niwawekee muziki watu wachangamke."

Wazazi wakacheka. Tausi hakutoka pale mbele. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Mwalimu, mbuzi bado."

"Mbuzi gani tena?"

Baba mmoja nyuma yangu akadakia, "Mpeni chakula, mtoto ana njaa huyo!" Turubai zima likaangua kicheko.

Mie nilikuwa nimeshavumilia mengi ya shule ile. Nilivumilia sare kubadilishwa mara mbili kwa mwaka mmoja, nikavumilia mwanangu kuambiwa anaongea kama mtoto wa sokoni. Lakini nilipomwona Tausi anaangalia spika, anasubiri, anadhani labda itarudi, kitu kikakatika kichwani. Nikasimama.

"Rudisha."

"Samahani, mama?"

"Rudisha wimbo wa mtoto. Haujaisha."

"Mama Tausi, tuna ratiba."

"Ratiba imeandika dakika tatu. Hujampa hata moja na nusu. Nyingine umempelekea nani?"

Hapo kicheko kikafa. Mwalimu mkuu akaja haraka, akanishika kiwiko kama mtu anayemtoa mlevi msibani. "Mama, usitufanyie fujo mbele ya wageni. Kama una malalamiko, yaandike, yaletwe ofisini."

Nikamwambia nitaandika. Nimeandika, na nimepeleka kwa mkono wangu. Barua yenyewe mtaisoma hapo chini. Ila kwanza nawarudisha Tandika nilikokulia, kwa sababu bila Tandika mtaniona mwanamke mgomvi aliyegombania mbuzi.

Tulikuwa tumepanga kwa Bi Nuru. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Baba yangu alikuwa karani, mtu wa Iringa, wa suruali yenye mkunjo na kanisa la asubuhi. Mama alikuwa na meza ya dagaa sokoni. Bi Nuru mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa mjane mnene wa Kizaramo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho: redio kaseti kubwa, nyeusi, yenye spika mbili na mpini wa chuma. Chumba cha mwisho kabisa, karibu na choo, alikaa Babu Chilumba, Mmakonde, mchonga vinyago. Hakuwa babu yangu. Alikuwa babu wa nyumba nzima.

Jumapili, Bi Nuru akishaswali alasiri, redio ilitolewa ikawekwa katikati ya mkeka pale uani. Kama umeme umekatika, betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi juu ya bati la jiko, zimejipanga kama dagaa wa mama. Kila mwenye zamu alikuja na kanda yake mkononi. Nafikiri hakuna nyumba nyingine Temeke nzima iliyokuwa na utaratibu kama ule, na aliyeuweka ni Bi Nuru, baada ya wapangaji wawili kukaribia kushikana mashati kwa ajili ya redio. Wimbo mmoja kwa mtu mmoja. Hakuna kukata, hata kama unaumwa jino. Hakuna kucheka mpaka uishe. Mwenye wimbo haruhusiwi kuueleza, si kabla wala baada. "Hapa hakuna mahubiri," alikuwa anasema Bi Nuru, akimwangalia baba. Na wimbo ukishakwisha, kila msikilizaji lazima aokote kitu. Ndivyo tulivyokuwa tunaita: kuokota. Unasema kitu kimoja ulichokipenda humo ndani, hata kama wimbo wenyewe umekuchefua. Usipoona cha kuokota, zamu yako inayofuata imekwenda.

Bi Nuru alikuwa mtu wa taarabu, na mwimbaji wake mkuu alikuwa mama mmoja aliyeimbia puani, sie watoto tukamwita Bibi Mafua. Baba, mzee mzima wa kwaya, alitushangaza wote kwa kupenda kantri. Alikuwa na kanda ya Mzungu mmoja ambaye jina lake hakuweza kulitamka, ila kwenye kasha kulikuwa na picha ya farasi, kwa hiyo mwimbaji yule tulimjua kwa jina la Bwana Farasi. "Leo nawaletea Bwana Farasi," angesema baba, na Bi Nuru angejibu, "Mlete, ila afute kwato asinichafulie mkeka." Mama hakuwa na kanda. Zamu yake alikuwa anachagua rumba ya zamani kutoka kwenye lundo la Bi Nuru, hiyo hiyo kila wiki, huku ananisuka, na wimbo ukichanganya vidole vyake vilikuwa vinavuta nywele zangu kwa kufuata magitaa.

Mie nilikuwa nimepewa zamu nilipotimiza miaka tisa. Nilipendaga mchiriku, kinanda kinakimbia kama kimeiba, na nilipendaga bongo fleva, niliyokuwa nairekodi redioni, mtangazaji akiongea juu ya mwanzo wa kila wimbo. Nyimbo zangu zote za utoto zinaanza na mwanamume anayetaja saa. Bi Nuru hakuzipenda hata kidogo, lakini sheria ni sheria. Aliwahi kukaa anausikiliza wimbo wangu mmoja, amekunja uso kama anakunywa mwarobaini, halafu akasema, "Nimeokota... nimeokota kwamba mtangazaji ana sauti nzuri." Hata baba alicheka.

Nyie hebu fikirieni shule gani inafundisha hivyo. Mtoto wa miaka tisa analazimika kuusikiliza wimbo anaouchukia kwa makini kuliko anaoupenda, kwa sababu anatafuta cha kuokota. Nilijifunza kusikia kengele ndogo nyuma ya violini. Nilijifunza kwamba Bwana Farasi alikuwa analia kweli kwenye ubeti wa tatu. Leo ukinikuta nasikiliza kaswida, nikitoka hapo naingia singeli, nikitoka hapo naingia kwaya ya Kihehe, usidhani nimechanganyikiwa. Nilikuzwa.

Sasa Babu Chilumba. Yeye alikuwa na kanda moja tu. Zamu yake ilipofika alikuwa anaazima wimbo wa mtu, anasema, "Nirudishieni ule wa mama," au "Leo namtaka Farasi." Miezi mingi ilipita hivyo. Kanda yake mwenyewe tulikuwa tunaiona ndani ya mfuko wa shati, haina kasha, imezungushiwa raba bendi. Jumapili moja, sijui kilimpata nini, akaitoa. Akauvuta mkanda wake vizuri kwa kalamu, polepole, akaiweka ndani ya redio na kubonyeza.

Ngoma. Ngoma tupu. Hakuna gitaa, hakuna mtu anayeimba, kuna mkwaruzo wa kanda na ngoma zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na upepo. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mkononi nilikuwa na wimbo mpya nilioukeshea... hapana, sikukesha, nisiwadanganye, niliusubiri redioni wiki nzima mchana nikitoka shule, nikaupata mzima. Ngoma zikaendelea. Bi Nuru akaangalia jua, maana alikuwa na kawaida ya kupima nyimbo ziishe zote kabla ya adhana ya magharibi, na mie nikamwona anavyoangalia. Nikajiambia hapa zamu yangu inaliwa.

Redio ilikuwa chini, jirani na mguu wangu. Nikanyoosha mguu, nikabonyeza kwa kidole gumba.

Tap.

Na kwa sababu kimya kile kilinitisha, nikakijaza na upumbavu. Nikasema, "Si makelele tu? Hauna hata maneno."

Mkono wa baba uliinuka. Babu Chilumba akasema, "Mwache." Akaitoa kanda, akaizungushia raba yake, akairudisha mfukoni. Nilidhani nitapigwa, au nitanyang'anywa zamu. Bi Nuru akasema tu, "Haya. Weka wako."

Ukachezwa wimbo wangu, mzima, mpaka sekunde ya mwisho. Hakuna aliyekohoa. Na wote wakaokota, tena vizuri, wakijitahidi. Babu akawa wa mwisho. Akasema, "Mie nimeokota yule kijana anavyovuta pumzi kabla hajaanza kuimba. Kama mtu anayetaka kuruka mtaro na hana uhakika." Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara ishirini na sikuwahi kuisikia pumzi hiyo. Sikuwahi kupigwa na baba kichapo kilichouma kama kile.

Jumapili iliyofuata Babu akaja mikono mitupu.

"Mzee, zamu yako," akasema Bi Nuru.

"Leo nasikiliza."

Jumapili iliyofuata tena, "Leo nasikiliza." Ya tatu hivyo hivyo. Hata kuazima Bwana Farasi hakuazima tena. Alikaa, aliokota kwa heshima wimbo wa kila mtu, akanyanyuka akaenda chumbani. Hakuna aliyenisema, ila mama alipokuwa ananisuka alivuta nywele hata pasipo na gitaa.

Nilivumilia mpaka Jumamosi. Nikaenda nyuma ya nyumba alikokuwa anachongea, pale kwenye kivuli cha ukuta, chini kumejaa vibanzi vyeusi vya mpingo, harufu yake kali kidogo, inakwaruza puani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kukata na hili?" Akanionyesha gogo.

"Naomba kanda yako."

"Ya nini? Si makelele?"

"Kesho nataka niitumie kwenye zamu yangu."

Akaendelea kuchonga. Tindo ikaenda mara nne, mara tano. "Ndefu hiyo kwa mtu wa haraka."

"Nitakaa."

"Na hicho kidole chako nacho kitakaa?"

"Nitakikalia."

Akacheka kwa pua. Akafuta mkono kwenye suruali, akanipa.

Kesho yake niliweka kanda ile kwenye zamu yangu, nikaukunja mguu na kuukalia kweli, mpaka ukafa ganzi. Nikatafuta cha kuokota. Mara ya kwanza ile nilikuwa nimesikia makelele. Sasa nikasikia kwamba ngoma zilikuwa tatu, na moja ilikuwa inauliza na mbili zinajibu, na ile inayouliza ilikuwa haikubali jibu. Nikasikia miguu ya watu kwenye mchanga. Halafu, ngoma zilipokuwa zimepanda juu kabisa, mbuzi akalia. Karibu mno, kama ameingiza mdomo ndani ya kinasa sauti. Mara sauti ya mwanamke ikaja kwa ukali, kwa Kimakonde, maneno machache tu, watu wakacheka huko ndani ya kanda, na wimbo ukaisha.

Uani hakuna aliyesubiri zamu ya kuokota. Bi Nuru alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba alivua miwani. "Amesemaje huyo mama?" aliuliza Bi Nuru, na kwa mara moja tukamruhusu mwenye wimbo kueleza.

"Amesema, mtoeni huyo mbuzi, ataharibu kila kitu."

Zamu yangu ya kuokota ilipofika nikasema, "Mie nimeokota mbuzi." Babu Chilumba akacheka, akacheka, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa ukingo wa shati. Nikajisikia mshindi. Nilidhani nimemchekesha.

Nilikuwa kidato cha pili aliporudi kwao kusini, macho yamechoka, tindo haimtii tena. Siku ya kuondoka akanipa ile kanda na raba yake. Nikamuuliza yeye atabaki na nini. Akasema kule anakokwenda mbuzi wapo wengi. Halafu akavunja sheria ya Bi Nuru, akahubiri kidogo. Akasema yule anayefoka ni mama yake. Mama yake alikuwa hataki kurekodiwa, aliogopa ile mashine; siku nzima alikaa kimya, kila ikimkaribia anageuza uso. "Mbuzi ndiye aliyemtoa sauti," akasema. "Nyingine sina."

Hata siku hiyo sikuelewa vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nawaza mambo yangu. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nimekaa na mwanangu kwenye mkeka huku Mbagala. Kanda tulishaihamishia kwenye simu kwa fundi Kariakoo, na utaratibu wa Bi Nuru tunaufuata kila Jumapili: wimbo wangu, singeli ya baba yake, wimbo wa Tausi, kila mtu anaokota. Nilielewa kwamba mzee yule alikuwa amesubiri miezi mingi kabla hajatuamini, akavumilia ngoma zote zile kwa ajili ya maneno machache ya mwisho, na kidole changu kikamfikia mama yake kabla hajafungua mdomo. Na kwamba alipolia kwa kucheka, alikuwa hachekeshwi na mie.

Kwa hiyo nasema hivi, na mwalimu akisoma asome: ulichokifanya nami nilikifanya. Lakini mie nilikuwa na miaka kumi. Wewe una stashahada.

Jumapili iliyofuata baada ya sherehe ile nilitandika mkeka, nikaweka wimbo wangu, baba yake akaweka wake. Nikamgeukia Tausi. "Mama, zamu yako."

Akakunja magoti, akayakumbatia. "Leo nasikiliza."

Hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwa mtu. Sijawahi kumsimulia sehemu hiyo. Niliingia ndani, nikachukua daftari na kalamu, nikaandika hivi:

*Kwa Mwalimu Mkuu.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA KWA WIMBO WA MWANAFUNZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi Tausi wa darasa la pili. Siku ya wazazi, mwanangu aliitikia agizo la shule la kuleta wimbo anaoupenda. Wimbo huo ulikatwa kabla ya nusu, ukaitwa wa porini, na mtoto akachekwa na watu wazima akiwa amesimama mbele yao.*

*Kuhusu mimi kusimama na kupaza sauti: nilipaza, na sijutii. Siombi kuombwa radhi mimi. Sitaki mwalimu afukuzwe wala akatwe chochote.*

*Ninachoomba ni kimoja. Siku ya kwanza ya muhula ujao, darasani kwa Tausi, wimbo huo uchezwe tangu mwanzo mpaka mwisho, mwalimu akiwepo, amekaa. Una dakika tatu kamili, kama agizo lenu lilivyotaka. Ukishakwisha, mwalimu aseme mbele ya wanafunzi kitu kimoja alichokipenda ndani yake. Vipo. Akikosa kabisa, aseme mbuzi.*

*Nitakuwepo mlangoni, na sitasema neno.*

*Mama Tausi.*

*Kiambatanisho: wimbo mmoja, mzima.*